Kabla hujazitenga seli za kinga, jua utazifanyia nini

Swali: Shikamoo Dokta. Mimi ni mteknolojia wa maabara hapa Moshi, nasoma shahada ya uzamili. Utafiti wangu unahusu watu wanaoishi nyumba moja na mgonjwa wa kifua kikuu. Nataka kujua seli zao za kinga zinavyoitikia protini za bakteria wa TB, na pia kupima RNA (nakala za jeni zinazofanya kazi) ya monosaiti zao, zile seli nyeupe zinazomeza vijidudu. Kila mtu atanipa mililita 20 za damu, na baadhi ya sampuli zitatoka Arusha kwa gari. Nimepanga kutenga makundi manne: seli T za CD4, seli T za CD8 (CD na namba yake ni jina la alama iliyo juu ya seli), seli NK, yaani seli za kinga zinazoua zilizoambukizwa, na monosaiti. CD4 zikishakuwa peke yake nitaziwekea protini hizo usiku kucha, kisha nipime zinavyojibu. Tuna sentrifuji na sumaku ya kutengea seli. Jengo la jirani lina flo saitometa (mashine inayozisoma seli moja moja kwa mwanga) ya rangi nne, lakini ni ya kusoma tu, haitengi. Mwenzangu mmoja anasema bila mashine ya kutenga kwa leza kazi haitaaminika, nipeleke sampuli nje ya nchi. Mwingine anasema sumaku inatosha. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Wenzako wanabishana kuhusu chombo, na mimi kinachonitia wasiwasi ni mpango wenyewe. Umesema ukishazipata seli T za CD4 zikiwa peke yake utaziwekea protini za bakteria, uache usiku kucha, kisha upime intaferoni gama, protini ambayo seli T huitoa inapojibu. Fikiria kidogo hapo. Seli T haiwezi kuitambua protini inayoelea kwenye maji. Huitambua pale tu seli nyingine, kama monosaiti au seli dendriti, inapoimeza, ikaikatakata na kuvionyesha vipande vyake juu ya utando wake vikiwa vimeshikwa na molekuli za HLA. Ukiondoa monosaiti zote ili ubaki na CD4 safi kwa asilimia 98, umeondoa pia zile zinazoileta taarifa. Asubuhi utapima na kukuta karibu na sifuri. Kibaya zaidi, sifuri hiyo inaweza kuingia kwenye tasnifu kama ushahidi kwamba watu wale hawana kinga dhidi ya TB. Katika jaribio hili, kadiri unavyotenga kwa ustadi ndivyo jibu linavyoharibika.

Kwa hiyo CD4 na CD8 usizitenge. Zitambue tu. Watu wengi wanachanganya mambo haya mawili, hata ndani ya maabara zetu. Mtu anayekwenda CTC, kliniki ya VVU, akaambiwa CD4 zake ni 450 kwa kila maikrolita ya damu, hakuna aliyezichota CD4 zake akaziweka pembeni. Zimepakwa kingamwili zenye rangi, zikapita mbele ya mwanga moja moja, mashine ikazihesabu zikiwa zimechanganyika na zingine zote, kisha kila kitu kikaenda kwenye chombo cha taka. Kutenga ni pale unapotaka kubaki na seli mkononi: uzioteshe, utoe RNA yake, au uzichanganye na seli nyingine kwa makusudi. Kama unachotaka ni kujua nani kafanya nini, saitometa ya jirani inatosha.

Utaratibu wenyewe ni huu. Chukua mchanganyiko wa seli zote zenye kiini kimoja, yaani limfosaiti na monosaiti kwa pamoja, milioni moja kwa kila tyubu. Tyubu ya kwanza usiiwekee kitu. Ya pili iwekee protini za TB. Ya tatu iwekee kichocheo kikali, kwa mfano SEB, ile sumu ya bakteria wa stafilokokasi, ili ujue seli zako ziko hai na zinaweza kujibu. Baada ya saa chache ongeza brefeldini A, ambayo huzuia protini zisitolewe nje ya seli, ili intaferoni ibaki ndani ya seli iliyoitengeneza. Protini nzima zinahitaji muda mrefu kuliko vipande vifupi vya peptidi, kwa sababu lazima kwanza zimezwe na kukatwa, kwa hiyo usiharakishe brefeldini. Kisha zipake rangi za juu, zikaze kwa fomalini zisibadilike, toboa utando, upake intaferoni ndani. Sasa unaweza kusema ni seli ngapi za CD4 zilizojibu, na ngapi za CD8, bila kuzitenganisha hata moja.

Una rangi nne tu, na hapo ndipo utakapolazimika kuchagua. CD3 (alama ya seli T zote), CD4, CD8 na intaferoni zinazimaliza zote. Hakuna nafasi ya rangi inayotofautisha seli hai na mfu, na seli mfu hunata kingamwili ovyo, zikakupa majibu ya uongo. Mimi ningeiacha CD8 na kuweka rangi ya seli mfu, hasa kwa sampuli zilizosafiri. Seli yenye CD3 isiyo na CD4 kwa kawaida ni CD8. Lakini fahamu kwamba humo ndani zimo pia seli T za gama-delta, na hizo zina hadithi yake katika kifua kikuu. Ukiandika „CD8“ mahali ambapo hukuipima CD8, msahihishaji makini atakukamata. Andika kwamba ni seli T zisizo na CD4, nawe utakuwa salama.

Seli NK sikuona popote katika barua yako ulipoeleza utazifanyia nini. Ziache.

Zinabaki monosaiti. Hizo kweli unahitaji kuzitenga, kwa sababu RNA ya mchanganyiko haikuambii imetoka kwa nani. Kazi yako yote, ya kutambua na ya kutenga, inaanzia hatua moja ambayo watu wanaidharau, nayo ni kuizungusha damu juu ya Ficoll, kimiminika kizito cha kutenganishia seli. Hapa nitakaa kidogo.

Njia hii aliitangaza Arne Bøyum wa Norway mwaka 1968, na haijabadilika sana. Mantiki yake mkulima yeyote wa kahawa wa Kibosho au Machame anaijua: tunda bovu huelea majini, zima huzama. Tofauti ni kwamba maji yetu yametengenezwa yawe na uzito wa gramu 1.077 kwa mililita. Limfosaiti na monosaiti ni nyepesi kuliko hapo, zinabaki juu na kufanya ukanda mweupe. Nyutrofili, ambazo ni aina nyingine ya seli nyeupe, na chembe nyekundu ni nzito, zinapita hadi chini.

Namba hiyo, 1.077, ni kweli katika nyuzi joto 20. Ficoll iliyotoka kwenye friji dakika hii ni nzito zaidi, na nyutrofili ambazo zingezama zitabaki kwenye ukanda wako. Joto likizidi, chembe nyekundu hushikamana mabonge na kuzama na limfosaiti ndani yake, kwa hiyo unapata seli chache. Moshi ya Januari na Februari unaijua. Toa chupa ya Ficoll kwenye friji mapema, ifunike isipigwe na mwanga, na kama sentrifuji yako ina kipozeo, iweke 20 na uiache ifike kabla hujaingiza tyubu. Sentrifuji isiyo na kipozeo inayozungushwa mfululizo tangu asubuhi huwa na joto ndani, hata kama chumba kina kiyoyozi.

Changanya mililita 20 za damu na mililita 20 za PBS (maji ya chumvi ya maabara). Weka mililita 15 za Ficoll katika kila moja ya tyubu mbili za mililita 50. Inamisha tyubu na uiteremshe damu taratibu kwenye ukuta, mililita 20 kila moja, ikae juu bila kuchanganyika. Zungusha kwa 400 g dakika 30, breki ikiwa imezimwa. Nimesema g, yaani nguvu ya mzunguko ikilinganishwa na mvutano wa dunia, sisemi mizunguko kwa dakika. Karatasi nyingi za maelekezo zinazozunguka katika maabara zetu zimeandikwa mizunguko bila kutaja sentrifuji gani, na hilo ni kosa linalorithiwa kizazi hadi kizazi. Pima kwa rula umbali kutoka katikati ya rota hadi mwisho wa tyubu ikiwa imelala, kwa sentimita. Nguvu ya g ni 0.00001118 mara umbali huo mara mizunguko kwa dakika iliyozidishwa kwa yenyewe. Umbali wa sentimita 16 unahitaji kama mizunguko 1,500 ili kufikia 400 g, na wa sentimita 20 unahitaji kama 1,340. Rota iwe ya vikombe vinavyobembea. Ile ya pembe isiyosogea haikupi ukanda ulionyooka.

Umeme ukikatika katikati, usifungue kwa haraka. Iache isimame yenyewe, na ukirudi malizia dakika zilizobaki. Ila angalia mpangilio kabla ya kubonyeza, kwa sababu mashine nyingine zikizimika hurudi kwenye mpangilio wake wa awali na breki inakuwa imewaka. Breki ikishika, ukanda unavurugika na huwezi kuurudisha.

Chota ukanda kwa pipeti ya plastiki, bila tamaa ya kuvuta Ficoll nyingi ya chini. Ongeza PBS ya kutosha, mara tatu au zaidi ya ulichochota, la sivyo maji yatakuwa mazito na seli hazitashuka. Osha kwa 300 g dakika 10, kisha rudia kwa 200 g. Mwosho wa pili wa polepole ni kwa ajili ya chembe sahani (zile zinazogandisha damu), ambazo hubaki juu na kumwagwa. Usiuruke, maana chembe sahani hupenda kujibandika kwenye monosaiti na zinakuja na RNA yake. Kutoka mililita 20 tegemea seli milioni 20 hadi 30 kwa mtu mzima mwenye afya. Hesabu kwa tripani bluu, rangi inayoingia kwenye seli mfu tu, kwenye darubini. Kama zilizo hai hazifiki asilimia 90 katika damu mbichi, kuna tatizo mahali na usiendelee.

Sasa habari ya barabara. Arusha hadi Moshi ni kilomita kama 80, na hata foleni ya Tengeru na Usa River ikikubana, safari haiui seli. Kinachoziua ni kusubiri kliniki imalize wagonjwa wote ndipo dereva aondoke, tyubu zikiwa kwenye dashibodi. Damu ikikaa, nyutrofili huamka, zinapungua uzito, na badala ya kuzama zinabaki kwenye ukanda pamoja na limfosaiti, na uwezo wa seli T kujibu unapungua. Jiwekee kikomo cha saa nane tangu sindano itoke. Tumia tyubu za heparini, inayozuia damu isigande, ziweke kwenye kasha la kubebea chanjo lisilo na barafu, pamoja na chupa za maji ya joto la kawaida la chumba. Watu huweka barafu kwa nia njema, lakini baridi inaziharibu seli hizi kama joto linavyoziharibu.

Kisha kuna mtego ambao msimamizi wako huenda hakuuona. Sampuli za Moshi utazifanyia kazi baada ya saa moja, za Arusha baada ya saa sita. Mwisho wa mwaka utaona tofauti nzuri kati ya watu wa Arusha na watu wa Moshi, nayo itakuwa tofauti ya muda ndani ya gari. Chagua muda mmoja, tuseme kati ya saa nne na sita tangu damu ichotwe, na sampuli za Moshi zisubiri mezani mpaka zifike muda huo. Inauma kuiacha damu mbichi ikae, najua. Iache.

Ukishapata seli zako, weka pembeni milioni nne au tano kwa ajili ya lile jaribio la intaferoni. Zilizobaki zipeleke kwenye sumaku. Kati ya seli za ukanda ule, monosaiti huwa kama asilimia 10 hadi 20. Kutoka seli milioni 15 tegemea kuwa na monosaiti milioni moja na nusu hadi tatu kabla ya hasara, na kwa RNA hizo zinatosha.

Ziko njia za kutenga monosaiti bila hata sumaku. Ya zamani ni kuziacha seli kwenye sahani ya plastiki saa moja au mbili kwa nyuzi joto 37. Monosaiti hunata, limfosaiti zinamwagwa. Haina gharama, na kwa kukuza makrofaji (seli kubwa zinazotokana na monosaiti) inafaa kabisa. Kwako haifai, kwa sababu monosaiti ikishanata kwenye plastiki inaanza kubadilika, na badiliko hilo ndilo utakalolisoma kwenye RNA ukidhani ni la TB.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kulikuwa na njia nyingine ya kutenga seli T ambayo sisi wa mikoa ya wafugaji tungeiweza bila kuagiza kitu. Chembe nyekundu za kondoo hunata zenyewe kwenye seli T za binadamu, na baadaye ilijulikana kwamba zinashika molekuli ya CD2. Ukizungusha juu ya Ficoll, seli T zilizovaa chembe za kondoo huzama na zingine zinabaki juu. Naitaja kwa sababu wazo lake limerudi kwa sura mpya. Siku hizi kuna vitendanishi vinavyowekwa kwenye damu nzima, vikazifunga seli usizozitaka kwenye chembe nyekundu za mtu mwenyewe, nazo zikazama wakati wa Ficoll. Seli unazozitaka zinabaki kwenye ukanda, bila sumaku na bila mashine nyingine. Kama siku moja utafanya kazi kwenye hospitali ya wilaya yenye sentrifuji pekee, kumbuka hilo.

Turudi kwenye sumaku. Stefan Miltenyi na wenzake Ujerumani walichapisha njia ya kolamu mwaka 1990. Kingamwili imeunganishwa na chembe ndogo za chuma za takribani nanomita 50. Unazichanganya na seli dakika 15 kwenye baridi, unamimina kwenye kolamu iliyo ndani ya sumaku, zilizoshikwa zinabaki na zingine zinapita. Ukiitoa kolamu kwenye sumaku na kusukuma bafa (maji ya kuoshea seli), zilizobaki zinatoka. Kabla ya kumimina, pitisha seli kwenye chujio la maikromita 30, maana mabonge huziba kolamu, na hakikisha bafa haina mapovu.

Swali kubwa ni kushika zipi: unazozitaka, au usizozitaka? Kushika unazozitaka hukupa usafi mkubwa kwa urahisi. Kwa monosaiti ungetumia kingamwili ya CD14. Hasara yake ni kwamba seli zako zinatoka zimebandikwa kitu, na CD14 si kishikio cha bure. Inashiriki katika kutambua sumu za bakteria. Halafu kuna jambo linalogusa utafiti wako moja kwa moja. Monosaiti si kundi moja. Nyingi zina CD14 nyingi bila CD16. Chache zina CD16, na baadhi ya hizo zina CD14 kidogo sana, kiasi kwamba kolamu inazipitisha pamoja na takataka. Monosaiti zenye CD16 zimeonekana kuongezeka kwa wagonjwa wa TB. Ukitumia CD14 utakuwa umezitupa baadhi ya seli ulizokuja kuzitafuta, bila kujua.

Kwa hiyo mimi ningeshika zisizotakiwa, yaani kuondoa seli T, B, NK na zingine, na kuziacha monosaiti zipite bila kuguswa. Lakini soma karatasi ndani ya boksi kabla ya kulipa. Baadhi ya mchanganyiko wa aina hii una kingamwili ya CD16 ndani yake, kwa sababu watengenezaji wanataka kuondoa NK na nyutrofili, na zinaondoka na monosaiti zako zenye CD16. Tafuta ulioandikwa kwamba unaziacha. Usafi utakuwa chini kidogo kuliko wa CD14, na chembe sahani zitakusumbua zaidi, ndiyo maana nilisisitiza ule mwosho wa polepole.

Kama siku nyingine utahitaji CD4 kwa sumaku, jua kwamba monosaiti nazo zina CD4, kiasi kidogo lakini cha kutosha kukamatwa. Ziondoe kwanza kwa CD14, kisha shika CD4 kwenye kilichopita. Ndivyo alama hizi zilivyo: CD8 iko pia kwenye baadhi ya seli NK, na CD56 ambayo watu huiita alama ya NK iko kwenye baadhi ya seli T. Alama moja peke yake mara chache inatosha kuitambulisha seli.

Kitu kingine cha kwetu ni malaria. Mtu wa nyanda za chini, tuseme Kahe, anaweza kuwa na vimelea bila homa. Rangi nyeusi ambayo vimelea wanaitengeneza, hemozoini, ina chuma kinachovutwa na sumaku, kiasi kwamba watafiti wa malaria hutumia kolamu hizi hizi kukusanyia vimelea waliokomaa bila kingamwili yoyote. Monosaiti iliyomeza rangi hiyo inaweza kubaki kwenye kolamu yako pamoja na zile ulizotaka kuziondoa. Fanya kipimo cha haraka cha malaria kwa kila mshiriki na uandike jibu. Ni bei ndogo kulinganisha na kolamu.

Je, mwenzako anayetetea mashine ya leza anakosea kabisa? Hapana. Mashine hiyo, ambayo kundi la Leonard Herzenberg wa Stanford lilichapisha mwaka 1969, hufanya jambo ambalo sumaku haiwezi. Inaikata mikondo ya maji kuwa matone, inaisoma kila seli, inalichaji tone lenye seli unayoitaka na kulivuta upande. Inaangalia alama nyingi kwa wakati mmoja, na inajua tofauti ya nyingi na kidogo. Ungekuwa unatafuta seli T za kudhibiti, zenye CD4, CD25 nyingi na CD127 kidogo, nisingebishana naye. FOXP3, alama yao halisi, iko ndani ya kiini, na ukiipaka seli imekufa, kwa hiyo kwa seli hai hizo za juu ndizo tegemeo. Lakini piga hesabu: seli milioni 25, CD4 kama asilimia 40, za kudhibiti asilimia 5 ya hizo. Ni nusu milioni kabla ya hasara, na hasara ya theluthi au nusu ni ya kawaida. Seli milioni 20 kwa kasi ya 5,000 kwa sekunde ni zaidi ya saa moja kwa mtu mmoja. Na matone yale hurusha mvuke, damu ya binadamu ambayo haijapimwa VVU wala homa ya ini ikiwa ndani yake. Mashine hiyo inataka kabati la usalama na fundi wake.

Kupeleka nje nako kuna gharama yake. Lazima ugandishe seli kwenye DMSO ya asilimia 10, inayozikinga na barafu, zishuke nyuzi moja kwa dakika hadi nyuzi 80 chini ya sifuri, kisha naitrojeni ya maji. Zikiyeyushwa kule, baadhi zimekufa na baadhi ya alama, CD62L kwa mfano, zimepungua bila mgonjwa kuhusika. Na hazitoki nchini bila makubaliano ya kuhamisha sampuli yaliyoidhinishwa na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Huo ni muda wa kukaa na makaratasi ambao mwanafunzi wa uzamili mara nyingi hana. Kwa RNA ya monosaiti, ningezivunja seli hapo hapo Moshi kwenye bafa ya RNA mara tu zinapotoka kwenye kolamu, na kuhifadhi hiyo.

Kuhusu kuaminika, kinachowaaminisha wasomaji ni usafi uliopimwa. Katika kila sampuli toa seli elfu hamsini kati ya zile ulizokwisha kuzitenga, zipeleke kwa jirani, pima CD14, CD16, CD3 na CD19 (alama ya seli B). Andika usafi, andika ulipata ngapi kati ya zilizokuwepo, andika zilizo hai. Ukiwa umeshika kwa CD14, kingamwili ya kupimia iwe ya kloni nyingine, kwa sababu ile ya kwanza imeziba mahali pa kushika na utadhani huna kitu. Na pima uchafu kwa madhara yake. Seli T asilimia 4 ndani ya monosaiti zako hazitaathiri sana RNA, kwa kuwa limfosaiti iliyotulia ina RNA kidogo. Kinyume chake ni hatari: monosaiti asilimia 2 ndani ya seli T „safi“ zinaweza kutoa karibu saitokini (protini za mawasiliano ya kinga) zote utakazopima, na makala za zamani zimejaa makosa ya namna hiyo.

Angalia pia maji na albumini unayotengenezea bafa. Sumu ya bakteria kidogo sana ndani yake inatosha kuziamsha monosaiti kabla hujazigusa. Nunua iliyoandikwa kwamba haina endotoksini, yaani sumu hiyo, na usiazime ya benchi la jirani.

Kabla ya mshiriki wa kwanza, fanya mzunguko mzima kwa damu ya wafanyakazi wenzako wachache waliokubali na kusaini, wengine wakiwa wametoka Arusha kwa njia ile ile ya gari. Mwisho, chembe za sumaku zikiganda zimeharibika, hata zikiyeyuka zikaonekana nzuri. Unapoagiza, mwandikie wakala kwamba mzigo usigandishwe, ufike uwanja wa ndege wa KIA Jumatatu au Jumanne, na mtu wa maabara awe na barua ya kuutoa siku hiyo hiyo.